Kutoka Buterere Hadi Kigoma: Umbali, Mwendo na Saa

Sisi tufundishao Kiswahili Buterere, upande wa kaskazini-magharibi wa jiji la Bujumbura, tumezoea kukatizwa masomo na ngurumo za ndege. Uwanja wa ndege wa kimataifa, ambao tangu mwaka 2019 unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, ni jirani yetu. Ndege inapoinuka mwalimu hunyamaza, wanafunzi huinua macho, na ngurumo ikiisha twarudi kwenye ngeli zetu. Darasa letu ni la jioni, na wanafunzi wake ni watu wazima: wachukuzi wa mizigo, madereva, wakulima wa mpunga wa bondeni, na akina mama wauzao ndagala sokoni. Wengi wao huziona ndege kila siku, lakini hawajapata kuzipanda.

Jioni moja, baada ya ngurumo kupita, mchukuzi mmoja aliuliza swali ambalo tulilidhani jepesi: "Mwalimu, kutoka hapa hadi Kigoma ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua muda gani?" Tulimjibu upesi, tena kwa majivuno kidogo. Miezi michache baadaye tulitambua kwamba jibu letu lilikuwa sahihi, lakini halikumfaa mtu mwenye safari. Twaomba ruhusa ya waalimu wenzetu tuieleze habari hiyo, kwani yagusa kazi yetu sote.

Kwanza tuseme tulivyomjibu. Ziwa Tanganyika lina urefu upatao kilomita 670, na katika sehemu yake ya kaskazini, ufuoni upande wa mashariki, pana miji miwili mikubwa: Bujumbura na Kigoma. Yote miwili iko mbali na bahari. Reli ya kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya kukata nchi kwa zaidi ya kilomita 1,200. Ukitazama ramani ya Afrika yote, miji hii miwili hukaribia kugusana. Lakini ni karibu kiasi gani hasa?

Hesabu yake ni rahisi, na mwalimu yeyote aweza kuifanya ubaoni bila chombo chochote ila chaki. Uwanja wetu wa ndege uko latitudo ya digrii 3 na dakika 19 kusini mwa ikweta, na longitudo ya digrii 29 na dakika 19 mashariki. Uwanja wa Kigoma uko digrii 4 na dakika 53 kusini, na digrii 29 na dakika 40 mashariki. Basi, kutoka kwetu kwenda kusini ni dakika 94, na kutoka kwetu kwenda mashariki ni dakika 21. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Nasi huku karibu na ikweta twaweza kuihesabu dakika ya longitudo kuwa sawa nayo bila kukosea sana. Ukichukua 94 na 21 kama pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, upande wa tatu huwa maili za baharini 96 hivi, ambazo ni kama kilomita 178.

Baada ya hapo ni kugawanya tu. Ndege ya injini mbili za pangaboi, iendayo kilomita 500 kwa saa, ingezimaliza kilomita hizo kwa dakika 21. Kwa kuwa ndege haianzi safari yake ikiwa tayari angani, bali hutembea kwanza ardhini, hupanda, na mwishoni hupunguza mwendo ili ishuke, ni haki kuongeza dakika nyingine kumi au kumi na tano. Tukamwambia mchukuzi: "Kilomita 178, ndege, nusu saa au zaidi kidogo." Tukaongeza jambo moja lililowafurahisha wanafunzi wote. Njia ya kurukia ndege hapa kwetu imelala takriban kaskazini na kusini, ikiinama kidogo upande wa mashariki huko kusini. Kwa hiyo ndege iinukayo kuelekea ziwani, pua yake huwa karibu inaonyesha Kigoma penyewe. Darasa likacheka. Mama mmoja akasema kwamba kumbe kila siku huwa anaonyeshwa njia ya Kigoma bila kujua.

Tukaendelea na somo.

Sasa tuingie katika habari yenyewe. Mjomba wetu aliishi Ujiji, mji ule mkongwe uliopakana na Kigoma. Yeye ndiye aliyetufundisha kusoma Kiswahili, wakati wa likizo tulizopelekwa kwake tukiwa wadogo. Alitukalisha ukumbini pake juu ya mkeka, akatufanya tusome kwa sauti, na kila tulipokosea alituamuru turudi mwanzo wa sentensi. Kama tuna Kiswahili chochote cha kuwafundishia wengine, chanzo chake ni mkeka ule. Asubuhi moja, saa 1, simu ililia. Alikuwa binamu yetu. "Ndugu yangu," alisema, "baba ametutangulia usiku. Tunamzika leo saa kumi, baada ya alasiri." Tukamjibu kwa maneno yanayojibiwa katika hali hiyo, tukakaa kitako.

Jambo la kwanza lililotujia akilini lilikuwa hesabu yetu ya ubaoni. Kilomita 178, nusu saa. Ndege tulikuwa tukizisikia kutoka kitandani. Tukatembea mpaka uwanjani, tukangoja ofisi ifunguliwe, tukamweleza karani wa tikiti shida yetu. Alitusikiliza kwa upole, akapekua karatasi zake, akasema kwamba siku hiyo hapakuwa na ndege iendayo Kigoma moja kwa moja. Tungeweza kupanda ndege ya kwenda mji mwingine, tulale huko, na kesho yake tutafute nyingine ya kuturudisha magharibi. Nyuma yake, katika dirisha, tuliiona ile njia ya kurukia ndege, imenyooka kuelekea tulikotaka kwenda.

Basi tukaamua kwenda kwa gari. Ilikuwa saa 3 asubuhi. Tukahesabu vidole: kutoka saa 3 hadi saa 10 ni saa saba, na barabara, tukijaliwa, huchukua saa sita hivi. Tukaona muda upo. Tukarudi nyumbani, tukanywa chai, tukapanga nguo mkobani, tukawaaga majirani mmoja mmoja kama inavyopasa mtu aendaye msibani. Gari lilipoondoka ilikuwa saa 4. Saa ile moja twaikumbuka vizuri, kwa sababu haikuwa yetu.

Barabara ya kwenda kusini hufuata ufuo wa ziwa. Si mbali na mji hupita Mugere, palipo na jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Kila mwalimu hapa ameyasoma hayo. Watu hao walikutana Ujiji, wakapanda mtumbwi kuja kaskazini kuchunguza kama mto Rusizi huingia ziwani au hutoka. Wakaona kwa macho yao kwamba huingia. Mto huo ndio unaopita nyuma ya uwanja wetu wa ndege. Kutoka Ujiji hadi jiwe lile walitumia wiki moja na zaidi, wakilala ufuoni kila usiku, na wapiga makasia wao walikuwa watu wa ziwa hili ambao majina yao hayakuchongwa popote. Kilomita zao na zetu zilikuwa zile zile.

Tukapita Rumonge, tukapita Nyanza-Lac, tukaacha ufuo na kupanda milima kuelekea Mabanda na mpaka wa Mugina. Njia hii ina kumbukumbu nyingine, ambayo abiria wenzetu waliizungumza kwa sauti ya chini. Warundi wengi waliukimbilia mpaka huu mwaka 1972, tena 1993, tena 2015. Katika mwezi wa Mei 2015 maelfu kwa maelfu walikwama Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa baina ya mlima na ziwa, na meli kongwe ya Liemba ikawachukua kwa zamu hadi Kigoma. Mzee mmoja garini alisema kwamba yeye aliwahi kwenda Kigoma mara mbili maishani mwake: mara moja kwa siku nne, na mara nyingine kwa siku moja. Hakutaja kilomita, wala hakuna aliyemwuliza.

Mpakani tulifika saa 8 kasoro dakika chache. Tukafurahi: saa mbili zimebaki, na kutoka Manyovu hadi Kigoma ni lami, kilomita kama 60 tu. Tukapigiwa mihuri upande wa kwanza, tukavuka upande wa pili, tukasogea dirishani kwa afisa. Juu ya kichwa chake palikuwa na saa ya ukutani. Ilionyesha saa 9 na dakika kumi.

Wasomaji wetu wa Tanzania na Kenya labda hawatashangaa, nao wa Burundi watatikisa kichwa. Burundi hufuata saa ya Afrika ya Kati, iliyo mbele ya ile ya Greenwich kwa saa mbili. Tanzania hufuata saa ya Afrika Mashariki, iliyo mbele kwa saa tatu. Tulilijua jambo hilo. Tulikuwa tumelifundisha! Lakini binamu yetu aliposema "saa kumi" kwa Kiswahili chetu sote, kwa sauti ile ile tuliyoizoea tangu utotoni, sisi tuliisikia saa kumi ya Buterere. Saa kumi ya Ujiji ilikuwa saa tisa yetu. Ile saa moja tuliyonywea chai tulikuwa tumeikopa kwa watu wasiokuwa nayo.

Tulifika Ujiji saa 11 kasorobo kwa saa ya huko. Tuliwakuta watu wakirudi kutoka makaburini, wengine bado wana udongo mikononi. Binamu yetu alitukumbatia bila kusema neno. Mke wa marehemu alitutuma mtu atupeleke kaburini kabla ya giza, na tuliporudi alisema, "Mwanangu, alikuwa akikutaja. Umefika, kaa ule." Hakuna aliyetulaumu. Usiku ule, tukiwa juu ya mkeka katika ukumbi ule ule, tulijilaumu wenyewe vya kutosha.

Hatuandiki haya ili kuomba rambirambi. Twaandika kwa sababu kosa letu halikuwa la barabara wala la ndege. Lilikuwa la mwalimu wa lugha. Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili, nasi tulikuwa tumelifundisha kwa neno moja tu. Tuna *umbali*, lililoundwa kutokana na *mbali*, ambalo laweza kupimwa kwa rula juu ya ramani bila mtu kuinua mguu. Tuna *masafa*, ambalo wataalamu hulipenda. Lakini tuna pia *mwendo*, lililotokana na kitendo cha *kwenda*. Wazee wetu walipoulizwa mahali ni mbali kiasi gani, walijibu: mwendo wa siku moja, mwendo wa saa mbili, mwendo wa asubuhi hadi adhuhuri. Wako waliodhani kwamba huko ni kukosa vipimo. Sisi sasa twaona kwamba ni kipimo kilichokwisha kuingiza ndani yake njia, chombo, mlima, mpaka na miguu ya mwenye kwenda.

Tazameni mfano wa pili, uliotufumbua macho zaidi. Tuliporudi tulipima ubaoni umbali kutoka Buterere hadi uwanja wa ndege wa Kigali, ulio digrii 1 na dakika 58 kusini, na digrii 30 na dakika 8 mashariki. Ni dakika 81 kwenda kaskazini na dakika 49 kwenda mashariki. Jumla yake kwa mstari ulionyooka ni kilomita 175 hivi. Yaani Kigali na Kigoma ziko mbali nasi karibu sawasawa, moja kaskazini na moja kusini, kama mizani. Hata hivyo Kigali hutumia saa ile ile yetu, na Kigoma haitumii. Tena mwezi wa Januari 2024, Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, umbali wa Kigali haukuongezeka hata mita moja, lakini mwendo wake ulibadilika kwa usiku mmoja. Umbali ni mmoja. Mwendo ni mwingi.

Kadhalika neno *saa* ladai uangalifu. Sisi Waswahili, na ndugu zetu wasemao Kirundi pia, twahesabu saa kwa kufuata jua: likichomoza ni saa 12 asubuhi, na likishatembea kitambo ni saa 1. Hapa Bujumbura hesabu hiyo hutimia kwa namna ya ajabu, kwani mwaka mzima jua huchomoza karibu sana na saa 12 ya ukutani, na adhuhuri huwa saa 6 kamili au karibu nayo. Kigoma iko upande wa mashariki yetu kwa kitambo kidogo tu, na jua huifikia dakika moja au mbili kabla ya kutufikia sisi. Lakini kwa kuwa saa yake ya ukutani hufuata ile ya pwani, jua la Kigoma huchomoza saa 1 hivi. Jua ni lile lile, lugha ni ile ile, watu ni mjomba na mpwa. Lakini mmoja akisema "saa kumi" mwingine husikia kitu kingine. Ongezeni hapo tikiti ya ndege, ambayo huandikwa 10:00 nasi tukaisoma saa 4, mtaona ni njia ngapi za kupotea zimo katika neno moja dogo.

Darasani tumelifanya jambo hili kuwa zoezi, nalo limependwa. Ndege huondoka Bujumbura saa 4 asubuhi na kuruka kwa nusu saa hadi Kigoma. Hufika saa ngapi? Jibu ni saa 5 na nusu. Ndege hiyo huondoka Kigoma saa 4 asubuhi na kuruka kwa nusu saa hadi Bujumbura. Hufika saa ngapi? Saa 3 na nusu, yaani kabla haijaondoka! Wanafunzi hubishana sana hapo, na katika kubishana hutumia nyakati za vitenzi ambazo hatukuwahi kuwavuta wazitumie kwa mazoezi ya kitabuni.

Tulipomaliza kuwasimulia habari hii, mchukuzi yule alisimama akasema kwa adabu, "Pole sana, Mwalimu. Basi swali langu lilikuwa na upungufu?" Tukamwambia kwamba swali lake lilikuwa kamili, jibu letu ndilo lililopungua. Alituuliza mwendo, nasi tukampa umbali. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi asubuhi ile ya msiba tuliona haya kumwuliza binamu yetu neno moja tu: saa kumi ya wapi?

Waalimu wenzetu, twapendekeza kwamba somo la safari lisifundishwe tena kwa kilomita peke yake. Mwanafunzi akiuliza pa mahali fulani ni mbali kiasi gani, azoezwe kuuliza mambo matatu pamoja: kwa njia ipi, kwa chombo gani, na kwa saa ya wapi. Kiswahili leo chavuka mipaka mingi kuliko wakati wa mitumbwi; tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wanafunzi wetu wana sababu zaidi za kupanda magari ya kusini, na wengine wana jamaa huko kama tulivyokuwa naye sisi. Hatutaki mwingine wao afike akute watu wanarudi.

Mchukuzi yule mwenyewe alikwenda Kigoma mwezi uliofuata, kumwona dada yake. Kabla ya kuondoka alipita darasani kutuaga, akatuonyesha mkono wake wa kushoto. Alikuwa amekwisha kuisogeza saa yake mbele.